Pole za Getini

Kinyozi alifunga kibanda mapema, mteja wa mwisho akaondoka na kidevu nusu kimenyolewa. "Timu yenyewe sikio la kufa," mkewe alimfokea, "na wewe ndiye dawa?" Kinyozi akavaa jezi yake ya bluu iliyochujuka, akashika njia ya uwanjani.

Timu yao ya mtaa ilikuwa imefungwa msimu mzima, mpaka mashabiki wakajiwekea desturi. Kila filimbi ya mwisho ilipolia, walijipanga getini na kuwashika wachezaji mikono, mmoja mmoja, wakiwapa pole. Kinyozi ndiye aliyeongoza mstari.

Siku hiyo, kwenye kona, mpira ulimgonga beki wao mnene kisogoni, mwenyewe hana habari, ukatumbukia kwenye wavu wa wageni. Moja bila, mpaka filimbi ya mwisho. Mashabiki walishangilia hadi sauti zikawakauka, kisha miguu ikawapeleka kulekule getini.

"Pole, mwanangu, jikaze," Kinyozi akamwambia nahodha.

"Nimeshapoa, mzee," nahodha akajibu, kichwa chini. "Mechi ijayo tutajitahidi."

Mstari mzima ukaendelea hivyo hivyo, mpaka kijana wa jezi nyekundu, nahodha wa wageni, akasimama mbele yao, machozi yakimlengalenga.

"Samahani, wazee. Hizo pole si zetu sisi?"

Kinyozi akageuka kutazama ubao wa magoli, akaangua kicheko, akamfungulia mikono.

"Njoo, mwanangu. Hapa umefika kwa wenyewe."