Mkanda Mzito wa Rewi

Haya ni ya kweli kuanzia kichwani hadi mkiani, na kama kuna neno moja la uongo ndani yake, bahari ya hapa Bluff, pwani ya kusini kabisa, na immeze msemaji. Ndivyo Rewi alivyoapa, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika mkate wa jibini uliokunjwa, siagi ikimtiririka hadi kwenye kiwiko.

“Jumanne iliyopita,” akasema, “pale kwenye miamba chini ya mnara wa taa. Nikazamia. Mwani umesongamana kama nywele za mchawi. Mara namwona, samaki wa mifupa-kijani, mkubwa kama mlango wa choo. Tukatazamana. Yeye hapumui, mimi sipumui…”

“Samaki gani huyo asiyepumua?” akauliza Dougal, jirani yake wa miaka mingi, aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa.

“Ndiyo ujue alivyoogopa! Nikakaa naye chini mpaka yeye ndiye aliyechoka.”

Gereji nzima walimokaa ikacheka. Hakucheka Hinewai, binti yake Rewi, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga safari ya kuzamia samaki. Alikuwa amesimama na mikono kifuani, akimtazama baba yake kama mtu anayetazama wingu asilolipenda.

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Jumamosi ya Pasaka jiwe la kaburi la Mereana, mke wa Rewi, lingefunuliwa kitambaa chake mbele ya watu, na wageni wangetoka kaskazini na mashariki kuja kulia na kula. Mgeni akija Bluff hali kuku. Hula chaza, hula ndege wa visiwani waliotiwa chumvi, na zaidi ya yote humla samaki yule ambaye Mereana alimpenda kuliko wote, yule wa mifupa ya kijani anayekaa ndani ya misitu ya mwani. Naye samaki huyo ni mla majani, hana habari na chambo. Ukimtaka, umfuate kwake na mshale, kwenye baridi inayouma meno.

Na Rewi alikuwa ameahidi. Mereana akiwa kitandani, amebaki macho na sauti tu, alimwambia, “Siku ya jiwe langu usiwalishe watu samaki wa dukani.” Rewi akamjibu kwamba samaki atawachoma kwa mshale yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Mereana alitabasamu. Rewi hakumbuki vizuri mambo mengi ya wiki ile, ila tabasamu hilo analikumbuka.

“Haya,” Hinewai akasema. Akaweka kichupa cha chumvi katikati ya meza. “Hiki ni kisiwa cha Ruapuke. Upepo ukikaa magharibi, tutajificha upande huu. Mimi na Teone tutaanzia hapa.” Teone alikuwa mumewe, mtu wa maneno machache. “Baba na Dougal, hapa. Mmoja chini, mmoja juu. Aliye juu hafukuzi samaki, hachezi na mshale, hatazami mandhari. Anamtazama mwenzake mpaka atoke na aseme neno. Watu wanne, jozi mbili. Tukiwa pungufu ya hapo, chakula hakitoshi.”

“Mimi kumtazama huyu?” Dougal akasema. “Nimemtazama miaka arobaini, sijaona cha maana.”

“Wewe macho yako yanaona chupa tu,” Rewi akamjibu.

“Na kabla ya hapo,” Hinewai akaendelea, “kila mtu anapimwa uzito gatini. Sasa hivi. Suti, mkanda, kila kitu.”

Mkate ukamkwama Rewi kooni. “Mwanangu, mimi wa kupimwa? Mimi niliyekufundisha kupima?”

“Ndiyo maana najua kupima.”

Kipimo hicho ni cha wazamiaji wote wa pwani ile. Suti ya mpira humfanya mtu aelee kama kizibo, kwa hiyo hufunga mkanda wenye vipande vya madini ya risasi ili aweze kushuka. Risasi zikiwa sawa, ukisimama wima majini na kutoa pumzi, maji hukufika machoni na kubaki hapo. Yakibaki kidevuni, wewe mwepesi, utahangaika. Yakipita utosi, una nanga kiunoni.

Walishuka gatini, maji yakiwa ya kijivu, upepo ukichuna masikio. Rewi alijivalisha suti yake kwenye kona, mgongo kwa wenzake. Ilikuwa suti ya zamani, imebanwa na bahari miaka na miaka hadi ikawa nyembamba kama chapati. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda tangu msiba. Mpira ulimkalia kama gunia. Akafunga mkanda. Risasi zile Mereana ndiye aliyeziyeyusha, kwenye kikaango chake cha mayai, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kula yai nyumbani kwao bila kuuliza limekaangwa wapi. Vipande vilikuwa vilevile, idadi ileile. Hakuona sababu ya kupunguza hata kimoja.

Hinewai aliingia, maji yakamfika machoni. Teone vilevile. Dougal akaelea, maji yakiishia mabegani.

“Mafuta ya kondoo hayo,” Rewi akasema, meno yakigongana. “Ongeza risasi, pipa wewe.”

“Zamu yako, Mzee Nyangumi.”

Rewi akajitupa ndani. Baridi ikamkamata shingo kama polisi. Akajiweka wima, akamwangalia binti yake, akatoa pumzi.

Maji hayakusimama machoni. Yalipita utosi bila hata kubisha hodi. Aliona ngazi ya gati ikipanda mbele yake, halafu kijani, halafu kijani iliyokolea. Akapiga mapezi ya mpira aliyovaa, lakini miguu, ambayo ilikuwa haijafanya kazi hiyo tangu kabla ya msiba, ikakataa. Mkono ukaenda kwenye kifungo cha mkanda, na hapo ukasita. Ni wake Mereana, akawaza, nikifungua umekwenda. Kifua kikaanza kuruka. Akawaza tena, ni wake Mereana, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Kivuli kikamshukia. Kifungo kikavutwa, mkanda ukazama, kiuno kikawa chepesi, na jua likamrudia usoni pamoja na sauti ya Dougal akimtaja Mungu kwa namna isiyofaa kanisani.

Walimlaza kwenye mbao za gati. Teone alikuwa ameinama akihema, mkono bado umekunjwa kana kwamba umeshika kitu. Rewi alikohoa maji, akajaribu kucheka.

“Mmeona? Nilikuwa nawapima nyie kama mko macho…”

“Nyamaza, Baba.”

Rewi akajifuta maji usoni.

“Jumanne ulizamia?” Hinewai akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha. “Kwa suti hii? Kwa mkanda ule?”

“Kwa mkanda uleule, naapa…”

“Ungezamia Jumanne kwa mkanda ule, leo tungekuwa tunakutafuta kwa nyavu. Suti imekwisha, hainyanyui hata paka. Mwili wako nao umekwisha. Mtu aliyeingia majini hata mara moja tu mwaka huu angejua.” Akafuta pua kwa kiganja. “Mama yuko chini ya jiwe. Unataka Pasaka tufunue mawili?”

Shakwe mmoja alikuja kutazama kama kuna chakula, akaona hakuna, akaenda zake.

“Njia ya mwongo fupi,” Dougal akasema taratibu, bila kejeli, akamvisha koti lake. “Umerudi, lakini.”

“Nilimwahidi mama yako,” Rewi akasema.

“Najua. Na sasa tumebaki watatu. Watatu si jozi mbili. Mmoja atakaa bila wa kumtazama, na mimi sipeleki mtu hivyo.” Hinewai alikuwa akitazama upande wa mlangobahari. “Tunafuta safari, au umpigie mjomba Horomona.”

Lile jina lilikuwa baridi kuliko maji. Horomona, kaka yake Mereana, aliishi Moeraki, kwao na Mereana, na alizamia majira yote. Wakati wa msiba alikuja na ndugu zake kudai mwili wa dada yao akalale kwao, kama desturi inavyowaruhusu watu wa ukoo kudai, na Rewi akasimama siku nzima akiwabishia mpaka akashinda. Wadai wengine wakishindwa hula chakula cha mazishi na kuaga vizuri. Horomona aliondoka bila kula.

Rewi aliomba simu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi Dougal ambonyezee namba.

“Nani?” simu ikauliza.

“Mimi.”

“Mimi nani?”

“Rewi, shemeji.”

Nyuma ya Horomona mbwa alibweka.

“Tuna safari ya Ruapuke,” Rewi akaanza, sauti ikishika mwendo wake wa zamani. “Samaki wa jiwe. Sasa nimeteguka bega, shemeji. Jumanne nilikutana na papa, jitu la mapezi…”

“Papa wa aina gani?”

Rewi akamtazama Hinewai. Hinewai alikuwa anamtazama yeye, maji yakimdondoka nyweleni.

“Hakukuwa na papa,” akasema. “Nimezama leo hapa gatini kama jiwe. Teone amenitoa. Siwezi tena, Horomona. Nilimwahidi samaki nitawachoma mwenyewe na siwezi. Nakuomba uje ushike nafasi yangu.”

Dougal akachungulia simu kama imezimika.

“Nitakuja,” Horomona akasema. “Ila kitambaa cha jiwe tutakivuta sisi. Watu wa kwao.”

Usiku baada ya usiku Rewi alikuwa amejiona akikivuta kitambaa hicho, yeye peke yake, polepole.

“Sawa.”

“Sikukusikia, upepo.”

“Nimesema sawa! Kivuteni nyie.”

“Na wewe siku ya samaki utakuwa wapi?”

“Juu. Ndani ya boti.” Rewi akameza mate ya chumvi. “Nitakuwa nakutazama wewe.”

“Basi usiongee na mtu,” Horomona akasema. “Wewe ukianza kusimulia, huoni kitu.”