Gurudumu la Nyuma la Mke Wangu

Siku Bwana Kesho alipoingia sebuleni kwangu amekumbatia gurudumu la mbele la pikipiki yake, nilijua Mungu kanikumbuka. Yeye hakunikumbuka. Wakubwa hawakumbuki sura za watu waliowamaliza kwa kalamu.

Tulimpa jina hilo kwa sababu ndiye msimamizi wa barabara yetu, na kila tulipokwenda kumlilia kuhusu lile shimo la kwenye kona alijibu, "Kesho." Mke wangu akaliingia na pikipiki yetu, hakuamka tena. Ripoti ya Bwana Kesho haikutaja shimo. Ilisema chanzo ni gurudumu la nyuma, "lililosawazishwa nyumbani na mtu asiye na ujuzi." Mtu huyo ni mimi. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliisoma karatasi ile matangani. Tangu hapo haitikii salamu yangu, na kinachotutenganisha ni ukuta mmoja tu.

"Fundi, linatetemeka mpaka meno yanagongana," alisema Bwana Kesho. "Wenye mashine wameshindwa mara mbili."

"Liache. Njoo kesho."

Hata hakushtuka.

Nikapitisha ekseli katikati ya gurudumu, nikailaza juu ya vigoda viwili, nikazungusha. Upande mzito ukashuka chini, nikautia chaki. Kipande cha madini ya risasi, cha kusawazisha uzito, hubandikwa upande wa pili, ule mwepesi. Nilikishika mkononi muda mrefu. Nikikibandika palepale kwenye chaki, uzito unazidi, na mtu akikaza mwendo pikipiki inamtupa kama gunia. Nilitamani, sisemi uongo. Mkono ulishafika.

Halafu nikawaona akilini watu kwenye kaburi la Bwana Kesho wakinong'ona: si mnaona, karatasi ilisema kweli. Yaani afe, na bado anishinde! Nikabandika panapostahili, nikarudia mpaka chaki ikawa inasimama popote. Sijawahi kusawazisha gurudumu vizuri kama lile.

Siku ya pili alilichukua, akaenda kulifunga, akarudi akipiga honi. Shemeji alikuwa anaanika nguo uani.

"Fundi, wewe kiboko! Inateleza kama mafuta! Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Mimi ni mtu asiye na ujuzi."

Kicheko kikamkauka. Sasa alinikumbuka.

Nikateremsha ukutani gurudumu la nyuma la marehemu. Shimo lilikunja la mbele; hili halikuguswa, risasi zangu bado zimeng'ang'ania spoki. Nikaliweka juu ya vigoda pale uani, nikalitia chaki.

"Shemeji, njoo uzungushe mwenyewe. Kama ni bovu, litasimama upande uleule kila mara."

Nilidhani hatakuja. Akaja, mikono inachuruzika maji. Akazungusha, chaki ikasimama juu. Akazungusha tena, ikasimama pembeni. Mara ya tatu ikasimama kwingine kabisa. Akaliacha, akamgeukia Bwana Kesho.

"Wewe uliandika nini?"

"Dada yangu, hayo ni mambo ya ofisi, tutazungumza ke..."

Hakumaliza. Shemeji alishachomoa ufunguo kwenye pikipiki.

"Nenda kwa miguu. Njia ni ileile, na shimo unalijua."

Tulimtazama mpaka kwenye kona, kapandisha suruali asilowe maji ya shimo.

Pikipiki yake ninayo sebuleni, naifuta vumbi. Akileta karatasi mpya, yenye shimo ndani yake na sahihi yake chini, ataichukua. Akituma mtu mikono mitupu, shemeji ndiye anayemjibu mlangoni: "Kesho."