Injini Kumi na Nne

Shirika la maji lilidaiwa leseni ya injini kumi na nne za kompyuta ambazo halikuwahi kuzitumia. Bei yake ilikuwa sawa na mishahara ya wafanyakazi wote, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi, kwa miezi mitano.

Mtu aliyelisababisha deni hilo alikuwa amekaa mwisho wa meza, mikono kifuani. Alikuwa mwendeshaji wa kompyuta kuu, miaka ishirini na sita ndani ya chumba kile cha baridi, na wote walimwita Kalamu kwa sababu kila kitu alikiandika. Feni ikigoma, anaandika. Mtu akiingia na chai, anaandika. Walimcheka hadi wakachoka wenyewe.

Mkaguzi wa leseni, mama wa makamo aliyetumwa na kampuni yenye programu ya ankara, aliwageuzia karatasi yake.

"Mna mashine mbili," alisema. "Ndogo ina injini mbili za kuchakata hesabu, kubwa ina kumi na sita. Programu yetu mliilipia ikae kwenye ndogo. Mwezi wa tatu imeonekana kwenye kubwa. Hilo limo kwenye kumbukumbu za mashine zenyewe."

"Ilikaa chumba kimoja tu," alisema Kalamu. Chumba ndivyo walivyoita ile mashine isiyo na chuma chake, inayotengwa ndani ya mashine kubwa: ina mipaka yake, imepewa injini zake mbili, wala haijui jirani anapika nini. "Mbili kule ilikotoka, mbili huku ilikohamia. Kumi na nne zilizobaki haikuzigusa."

"Mkataba hauhesabu chumba, kaka. Unahesabu mashine nzima."

"Yaani nikilala gesti kitanda kimoja, asubuhi nilipie ghorofa zote?"

"Kama ulitia saini hivyo, utalipa." Hakuwa mkali. "Ila kuna kifungu cha dharura. Mkihama kwa dharura na msipitishe saa sabini na mbili, hamlipi kitu, mradi sababu iwe imeandikwa siku ileile. Mna maandishi?"

Kalamu alifungua mdomo. Mkurugenzi akamwahi.

"Tutatafuta. Tupe mpaka kesho saa nne."

Hakukuwa na cha kutafuta. Kitabu cha zamu kilikuwa kwenye droo ya Kalamu, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, na mkurugenzi alilijua hilo vizuri. Siku programu ilipohamishwa alikuwa amesimama mlangoni, soksi zimelowa chapachapa.

Mambo yalianza na choo. Mkurugenzi alitaka choo chake mwenyewe, akasema cheo na foleni haviendi pamoja. Fundi akapandisha tangi la lita elfu mbili darini, juu kabisa ya chumba cha kompyuta, kwa kuwa bomba lingekuwa fupi. Kalamu alikataa kwa mdomo, akakataa kwa barua, akaambiwa yeye si fundi bomba. Mwezi wa tatu, saa sita na robo mchana, kiungo cha bomba kiliachia na maji yakamwagikia mashine ndogo. Kalamu alikihamishia chumba cha ankara kwenye mashine kubwa kabla ndogo haijazimika, kisha akashika ndoo na dekio. Baada ya saa thelathini na moja, ndogo ilipokauka, akakirudisha. Hakuna mteja aliyekosa ankara.

Jioni hiyo, mkaguzi alipoondoka, mkurugenzi alimwita Kalamu ofisini akafunga mlango. Humo ndani hakumwita Kalamu. Kalamu alikuwa amemwoa dada wa mkurugenzi, wa tumbo moja.

"Shemeji, mle umeandika nini hasa?"

Kalamu alikuwa amekariri. "'Saa sita na robo. Maji yametoka kwenye tangi la choo cha mkurugenzi, lililowekwa juu ya mashine licha ya barua yangu ya tarehe nne.'"

"Choo ilibidi ukitaje?"

"Maji yalitoka chooni. Ningesema yametoka mbinguni?"

"Ndiyo! Ungesema mvua!"

"Mwezi ule hata wingu halikupita, shemeji. Wewe mwenyewe ulitangaza mgao. Mitaa mizima ndoo tupu, choo chako lita elfu mbili."

Hapo ndipo palipouma. Mkurugenzi alitoa kitabu kipya, bado kina harufu ya duka, akakisukuma mezani.

"Andika upya. Mvua. Ukikataa, nitasema cha zamani kimepotea, tulipe, yaishe."

"Anayelipa ni nani?"

"Tutaongeza bei ya maji kidogo. Watu hawatahisi."

"Watahisi. Mimi mwenyewe nina mita."

"Umebakiza miezi minane ustaafu. Tonge liko mdomoni, usiliteme."

"Likiwa na mchanga nalitema."

Kalamu aliacha shule mapema. Aliingia pale akiwa mbeba karatasi, na hadi leo hakuwa na cheti cha kutundika ukutani. Alichokuwa nacho ni kitabu kile. Kurasa zina namba, wino haufutwi, ukikosea unapiga mstari mmoja na kutia saini. Kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kukuta humo neno la uongo. Akikubali kuandika mvua, atabaki na nini? Alikiacha kitabu kipya pale mezani akatoka.

Nyumbani alimkuta mkewe akipiga pasi.

"Kaka amepiga simu. Anasema unamvua nguo."

"Alizivua mwenyewe. Si alikuwa chooni?"

Mkewe alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Ukikitoa kitabu, kwa kaka mlango umefungwa, na si kwako tu. Harusi ya mwanawe mwezi ujao. Nimeshashonesha gauni."

"Najua, mama watoto."

"Na ni kweli, uliyoandika?"

"Neno kwa neno."

Alipitisha pasi kwenye ukosi wa shati, mara mbili. "Basi kesho vaa hili. La bluu lina doa."

Saa nne kamili walikaa tena. Mkurugenzi alikohoa. "Kwa bahati mbaya sana, kitabu kime—"

Kalamu alikitua mezani, pu! "Kimeonekana."

Mkaguzi alisoma ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Akainua macho. "Choo?"

"Choo."

Alirudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Mahali fulani alisimama akasoma kwa sauti: "'Saa tano. Mkurugenzi ameingia na soda. Ameambiwa atoke. Ametoka.'" Alijibana, ikashindikana, akacheka. "Hiki hakijapikwa. Hakuna mtu angebuni mambo ya kuchosha namna hii. Nitachukua nakala, nanyi wawili mtie saini."

"Nikitia saini nitakuwa nimekubali yote yaliyomo," alisema mkurugenzi.

"Usipotia, nahesabu mashine nzima."

Alitia saini. Kalamu alitia ya kwake chini yake, kubwa kuliko kawaida, akamtazama shemeji yake usoni hadi yule akageukia dirishani.

Tangi lilishushwa wiki hiyohiyo. Wiki iliyofuata Kalamu alipewa barua ya uhamisho kwenda stoo ya mita, ng'ambo ya jiji. Hakuikatia rufaa, wala hakumpigia mtu magoti. Juu ya barua aliandika saa na dakika aliyoipokea, kwa wino, akarudisha nakala.

Gharama zilikuwa hizi. Leseni ya injini kumi na nne: shirika halikulipa hata senti. Posho ya zamu ya miezi minane ilikwenda. Kazini alikokuwa akienda kwa miguu, sasa ni mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Ufunguo wa chumba cha kompyuta aliukabidhi, na kitabu cha zamu kikabaki kwenye droo ambayo si yake tena. Siku ya harusi mkewe alishinda nyumbani. Gauni lilikuwa la zambarau, la mikono mirefu, fundi ameshalipwa yote, na halijavaliwa.