Kishikio cha Shosho Kathure

Kosa letu lilianza na heshima. Kwaya ya akina mama kutoka Kianjai ilipoingia studio yangu hapa Nkubu, walimpanga bibi yao, Shosho Kathure, mbele kabisa, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, na mkubwa hasimami nyuma ya watoto. Pua yake ilikaribia kugusa maikrofoni yake. Nikaona, nikaanza kurekodi hivyo hivyo. Diploma yangu ya sauti haikunifundisha jinsi ya kumwambia mwanamke yule arudi nyuma.

Wakaimba wimbo wa mavuno, mzuri ajabu. Shida ilijitokeza nilipoanza kuuchanganya.

Miksa yangu ni ya zamani, ya vishikio vya kusukuma kwa kidole, kila mwimbaji na chake, na haikumbuki chochote: kila badiliko ni la mkono, wimbo ukiendelea. Sauti zote zikishakusanyika, kushoto na kulia, hupitia kompresa, mashine inayobana: sauti ikiruka mno, inaikandamiza, ili wimbo ushikane kama ugali uliosongwa vizuri. Lakini kompresa haichagui wa kubana. Shosho alipopiga kigelegele, mshale wa kompresa uliinama na kwaya nzima ikazama. Kabla mashine haijaachia, mjukuu wake Makandi alikuwa ameshaanza ubeti anaoimba peke yake, na maneno yake ya kwanza yakapotea.

"Huyo ni Makandi ama ni mtu ameanguka ndani ya tangi?" akauliza Winfred, kiongozi wa kwaya.

Nikaifanya mashine iachie haraka. Wimbo ukaanza kuhema kama mtu anayepanda mlima na gunia la viazi. Nikapunguza kubana; sauti za chini zikamezwa.

"Toa vigelegele," Winfred akanong'ona. "Jumapili wimbo huu unachezwa kanisani. Lazima Makandi asikike."

"Na Shosho akijitafuta asijipate?"

"Utamweleza wewe. Studio ni yako."

Mavuno bila vigelegele! Ni kama kumkaribisha mgeni halafu umnyime kiti. Ilibaki njia moja: kumshusha Shosho kwa kishikio chake mwenyewe kila anapokaribia kupiga, kabla sauti haijafika kwenye kompresa, kisha kumrudisha. Nikajaribu, nikachelewa. Nikajaribu tena, nikawahi, nikamshusha akiwa katikati ya neno. Vigelegele vyake havikufuata mpangilio wowote, vilikuja vilipojisikia.

"Kajuju, unapigana na nani hapo?"

Alikuwa nyuma yangu, Shosho mwenyewe, na kikombe cha chai mkononi. Winfred akaanza kukagua dari.

"Shosho, kigelegele chako kina nguvu, kinamfunika Makandi. Nataka kukishusha kidogo, lakini sijui kinakuja lini."

Akacheka mpaka chai ikamwagikia leso. "Utajuaje na si chako? Kinaanzia hapa." Akajigusa tumbo. "Nionyeshe pa kushika."

Nikaweka kidole chake juu ya kishikio. "Ukisikia kinakuja, vuta kwako kidogo. Kikipita, rudisha."

Nikaanzisha wimbo, mashine ya kurekodi ikizunguka. Shosho akafumba macho. Nilimsikia akivuta pumzi, kana kwamba anaimba upya, na kidole kikashuka. Kigelegele kikapita, kikali na kitamu, mshale ukatikisika tu. Kidole kikapanda. Makandi akaingia na neno lake la kwanza likasikika zima, kisha ubeti wote. Ikawa hivyo mpaka mwisho wa wimbo.

Tulipousikiliza tena, Winfred alichezesha mabega kabla hajajikumbuka.

"Shosho, kumbe unaweza kujishusha?"

"Nimempisha mjukuu wangu. Hata nyumbani nampisha, ni vile tu haoni."

"Basi tumemaliza. Twendeni." Winfred akachukua mkoba wake.

Shosho hakusogea. Kidole chake kilikuwa kikitembea polepole juu ya safu ya vishikio.

"Ngoja kwanza, Kajuju," akasema. "Cha Winfred ni kipi?"