Foto ya Kupeleka Mpofi

Kwetu Nyamitaba, jua likishachungulia juu ya kilima, moshi wa zizini hugeuka dhahabu. Haudumu hivyo. Ng'ombe husimama ndani yake wakicheua na kuota moto, na hata matope huwa mazuri. Nimeupiga foto moshi huo tangu niliponunua simu, na dada zangu hunicheka: "Umulisa iko anapiga foto ya hewa!" Wacheke tu.

Asubuhi ile nilitaka foto moja. Élysée, mume wangu, alikuwa njiani na pikipiki kuja kunichukua kwenda kwao Mpofi, kule kwenye misitu ya Walikale, na kwetu baba hampeleki binti kwa mumewe. Anabaki na ng'ombe wake. Basi nilitaka niondoke na Papa ndani ya simu, jinsi alivyo kila siku: boti miguuni, koti refu kuukuu, mkono mgongoni mwa Gaju, ng'ombe wake mwekundu, akimnong'oneza sifa kabla ya kumkamua.

Nilimkuta hivyo hivyo. Mwanga ulikuwa umemshika begani, na furaha ikanijaa kifuani. Nikafanya kosa la kufungua mdomo.

"Papa, nikupige foto ya kupeleka Mpofi."

Alishtuka, akajitazama miguuni. "Na hizi boti? Siwezi kufika kwa bakwe na boti za mavi! Ungoje, nivae kostimu."

"Hapana, Papa! Ubakie vile uko!"

Wapi! Alishaingia ndani. Nikabaki na Gaju, tukitazama ile dhahabu ikipanda juu ya nyasi, ikipauka, ikitoweka. Ukungu ukateremka ukafunika kilima. Ndani nilisikia sanduku likifunguliwa, Papa akiitafuta tai na kuilaumu kwa sauti. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga.

Alitoka na kostimu, ile suti yake ya Pasaka, tai shingoni, nywele zimelowa maji. Akasimama kando ya Gaju, amejikaza kama yuko mbele ya hakimu.

"Mwangaza imeisha, Papa," nilimwambia. "Imeisha yote."

Alitazama juu, akacheka ili kunibembeleza. "Usikasirike, mama. Ile mwangaza inakuya kila siku. Kesho nitavaa mapema, mbele jua itoke. Utanikuta hapa hapa na..."

Hakumaliza. Mkono wake ukautafuta mgongo wa Gaju, ukatulia pale. Nikapiga.

Foto hiyo ninayo hapa Mpofi. Ni ya kijivu tupu, na mwingine angeifuta. Wakwe zangu wanaisifu tai, wanasema baba yangu ni mtu wa heshima, nami nafurahi, maana ndicho alichokitaka. Lakini nikiwa peke yangu naangalia midomo yake iliyobaki wazi kidogo, na moyo unaniuma: ndipo Papa alipotambua kwamba kesho atamkamua Gaju na mimi sipo.