Weupe Unaofuata Taa

Mtaani kwao fundi wa magauni ya harusi aliitwa Jicho, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kejeli. Ukimpelekea kitambaa cheupe atakuambia hiki ni cheupe cha chaki, hiki cha maziwa, hiki cha mfupa, na kile pale ni cheupe cha uongo, kifue mara moja uone. Ila hakuhukumu kitambaa akiwa ndani. Bibi aliyemfundisha kushona alimwachia neno hilo: taa ya chumbani ni mpambe, hurembesha kila anayekaa mbele yake. Beba kitambaa hadi mlangoni, jua likione, ndipo ufungue mdomo.

Siku hiyo majora mawili ya hariri yalilala kwenye meza yake ya kukatia, moja la chaki, jingine la maziwa. Mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara alimwachia yote mawili kwa sharti moja: jioni ikifika, jora moja lirudi dukani likiwa halijaguswa na mkasi.

Gauni lilikuwa la mdogo wake, Kitinda, aliyefanya kazi nchi ya mbali. Kitinda angefika siku moja tu kabla ya harusi, na lesi ya mikono ya gauni ndani ya sanduku lake. Jicho hakuwahi kuishika lesi hiyo. Aliijua kwa picha tu. Akikosea weupe, mdogo wake angesimama mbele ya watu akiwa na kiwiliwili cha rangi hii na mikono ya rangi ile, na muda wa kushona upya usingekuwapo.

"Dada, sitaki mikono yangu ionekane ya kuazima," Kitinda alikuwa amemwambia kwenye simu, akicheka nusu na kulia nusu.

Simu yenyewe ilikuwa na ufa uliokikata kioo mshazari. Ndiyo maana shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa kupenda kila kitu chenye chaji, alimletea kishikwambi kipya. "Shemeji, jicho kama lako haliwezi kuitazama dunia kupitia ufa," alisema, na Jicho akapokea kwa mikono miwili.

Sasa picha ya lesi ilijaa kwenye kioo hicho kipya, maua yake madogo yakionekana hadi nyuzi. Jicho akainama, akatazama. "Ya maziwa," akanong'ona. Kisha mazoea yakamshika mkono. Akakibeba kishikwambi kama abebavyo kipande cha hariri, viganja chini, akaenda nacho mlangoni.

Mlangoni lesi ikawa ya chaki.

Akarudi nacho ndani, akakilaza mezani chini ya taa yake ya manjano. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha umanjano ukaanza kuingia katika weupe ule taratibu, kama mtu anayejirekebisha uso baada ya kuona wageni. Akakibeba tena mlangoni. Umanjano ukatoka. Akarudi. Ukaingia.

Shemeji alipofika alimkuta katikati ya safari nyingine ya mlangoni.

"Unakitembeza?" aliuliza. "Hata mtoto mchanga habembelezwi hivyo."

"Njoo utazame. Usiniangalie mimi, angalia lesi."

Shemeji akatazama, na tabasamu likamfifia kidogo kidogo. Akachomoa simu yake, akafungua picha ileile, maana Kitinda alikuwa amemtumia pia, akaziweka bega kwa bega chini ya taa. Ya simu ilikuwa na ubuluu wa mbali. Ya kishikwambi ilikuwa na rangi ya siagi.

"Kioo kibovu," akasema kwa huzuni ya mtu aliyetoa zawadi. "Nimewahi kusikia habari za vioo vya namna hii, vinaanza kugeuka njano. Boksi liko wapi? Leo bado dukani watakipokea, tukichelewa watasema tumekiangusha sisi."

"Boksi nimewekea pini."

"Shemeji."

"Nitazitoa. Lakini subiri kwanza." Jicho alikuwa bado amekikodolea macho. "Kitu kibovu huharibika ovyo. Cherehani ikiugua huruka mshono hapa, ikakaza pale, huwezi kuitabiri. Hiki kinabadilika kwa utaratibu. Ndani njano, nje nyeupe, ndani njano. Hakijakosea hata safari moja."

"Kigeugeu ni kigeugeu, awe na utaratibu asiwe nao."

"Kigeugeu naye ana anachokifuata."

Akakiinua usawa wa pua. Juu ya kioo, karibu na jicho la kamera, palikuwa na kitundu kingine kidogo kama tundu la sindano ya kutarizia. Mtu ambaye kazi yake ni kutia uzi tunduni halipiti tundu bila kujiuliza ni la nini. Akaliziba kwa kidole gumba, akaanza tena kwenda mlangoni.

Jua likaanguka juu ya kioo. Rangi ya siagi haikuondoka.

Akaondoa kidole. Wakasimama wote wawili kizingitini, vichwa vimekaribiana, na mbele ya macho yao umanjano ukapauka hadi ukaisha.

"Kumbe kinaona," Jicho akasema taratibu. "Kinatazama kilipo, kisha kinavaa rangi ya mahali."

Shemeji alishakuwa ndani ya mipangilio, kidole kikipanda na kushuka. Alikuta mstari uliosema kifaa hulinganisha rangi zake na mwanga wa chumba ili macho yasichoke. Kiliwashwa hivyo tangu kiwandani. Akauzima mpangilio huo. Wakakipeleka mlangoni, wakakirudisha, na lesi ikatulia, haikugeuka tena.

"Basi ni kizima," shemeji akashusha pumzi. "Kilikuwa bendera tu, kinafuata upepo. Haya, sasa kinasema lesi ni ya rangi gani?"

Jicho akatazama kwa muda mrefu. "Kinasema ya maziwa. Kwa mbali."

"Kata."

Mkasi ulikuwa pale. Jicho aliushika, akaufungua juu ya jora la maziwa, akaufunga hewani. Maji yakimwagika hayazoleki, na hariri hivyohivyo.

"Hapa tumezima mpambe mmoja," akasema. "Je, kule kwa Kitinda? Alipiga picha chini ya taa gani? Huenda kishikwambi kinanionyesha kweli kabisa ya picha ya uongo."

Shemeji akavuta kigoda. Akakaa. "Shemeji, wewe hata malaika akikuletea habari utampeleka mlangoni."

Jicho hakumsikia. Alikuwa anapekua kopo la nyuzi. Kitinda alipokuwa akisafiri, dada yake alimfungia sindano na uzi mweupe katika mfuko mdogo, vifungo visije vikamwaibisha ugenini. Uzi ule ulitoka kwenye boksi moja na huu aliokuwa ameushika sasa. Akapiga simu.

"Kitinda, ule mfuko wa sindano bado unao?"

"Dada, nina mambo elfu hapa. Ndiyo, uko kwenye droo, hata sijaufungua."

"Hukuwahi kushona kifungo hata kimoja?"

"Unanipigia kunigombeza?"

"Baadaye. Toa uzi mweupe, ulaze juu ya lesi, upige picha. Taa yoyote, sijali."

Picha ikaja. Juu ya lesi uzi ulikuwa umelala kama njia ya vumbi kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Vyote viwili vilikuwa na umanjano wa taa ya Kitinda, lakini uzi ulikuwa na kiza kuliko lesi, bila ubishi.

Jicho akaukata uzi wake, akaulaza juu ya jora la maziwa. Uzi ukazama, ukapotea. Akauhamishia kwenye chaki. Ukajitokeza palepale, mstari wa kiza juu ya weupe, kama ule wa kwenye picha.

"Chaki," akasema. Safari hii hakunong'ona.

"Lakini kilisema maziwa," shemeji akalalamika.

"Taa ya Kitinda ikisema uongo, kishikwambi kina kosa gani? Kilichosemwa kimefika salama. Toa hilo jora la maziwa, mpelekee mwenyewe, na mwambie ahsante."

"Na kishikwambi?"

"Hakirudi. Leta pini zangu."

Mkasi ukaingia kwenye chaki kwa ile sauti ya kukwaruza inayowafanya wasioshona wafumbe macho.

Kitinda alipofika alikuta mlango umejaa ndugu. Jicho alipenya katikati yao, akaishika zipu ya sanduku kabla hajamshika mdogo wake.

"Dada, hata salamu?"

"Salamu haziozi. Iko wapi?"

Akaitoa lesi, akaitandaza juu ya gauni, akavibeba vyote hadi mlangoni. Watu wakampisha. Jua la asubuhi lilikuwa wazi, halina wingu. Akatafuta kwa macho mahali lesi inapoanza na hariri inapoishia, akakosa, ikabidi atumie kidole.

"Haya," akasema, akageuka na mikono wazi. "Njoo sasa nikusalimie."