Nafasi Niliyoifunga

Mimi ndimi ninayechora skrini za ghala letu hapa Busia, upande wa Uganda, na sitaki mtu aniambie ni kazi ndogo. Kompyuta kubwa iko makao makuu, haijui picha wala madoido. Inajua mistari ishirini na nne ya maandishi, basi. Lazima uiambie kila kitu: neno hili likae mstari gani, nafasi hii ipokee herufi ngapi, ipi karani aandike na ipi asiiguse. Ukikosea, kibodi inafunga na karani anakutukana mbele ya foleni.

Skrini za zamani zilimzungusha karani kurasa tatu kwa lori moja. Nilizikusanya zikawa ukurasa mmoja. Benard, bosi wetu kutoka upande wa Kenya, alinipa asubuhi moja tu ya kuujaribu.

"Athieno, ikileta noma kabla ya lunch, narudisha zile za zamani. Na wewe unarudi dirishani kugonga risiti."

Dirishani nilikaa hadi pakanichosha roho. Muhuri wangu wa risiti bado ulikuwa kwenye mkoba. Nikasimama nyuma ya Harriet, karani wetu.

Ikaenda! Lori la saruji, la chumvi, la mafuta ya kupikia: Harriet anajaza nafasi moja, skrini inamrusha yenyewe kwenye nyingine, anabonyeza, dereva anaondoka. Foleni ikapungua mpaka nikaanza kumtazama Benard kwa jeuri.

Kisha akaja Nangila na pikapu ya samaki. Alfajiri alikuwa amewavusha kwenda kuuza upande wa Kenya. Soko likawa bovu, sasa anawarudisha nyumbani Bulumbi, huku kwetu Uganda. Hapa mpakani tunafanya hivyo kila siku. Mimi mzaliwa wa Nagongera, si mbali na hapa, nalijua hilo tangu utotoni, na bado nikalisahau! Dirisha letu linapokea mizigo iingiayo Uganda, kwa hiyo kwenye nafasi ya nchi bidhaa ilikotoka niliandika KENYA, nikaifunga, ili kumpunguzia Harriet kazi.

Harriet akagusa herufi ya kwanza ya Uganda. Kibodi ikafunga.

"Eh, Athieno! Mashine yako imekataa. Hii samaki ni ya Uganda, mimi nasema aje ni ya Kenya?"

"Hii samaki nimetoa Majanji, ziwani kwetu Uganda!" Nangila akafoka. "Barafu nakwisha, na nyinyi naangalia tu!"

Benard akatazama saa, akatabasamu. Nililichukia tabasamu lile.

"Mama, nivumilie kidogo," nilimwambia Nangila, nikakimbilia meza yangu. KENYA niliiacha palepale, maana malori mengi yanatoka huko. Nilifuta neno linalofunga nafasi, nikaweka linaloifungua. Nikaiagiza kompyuta kubwa iache nakala ya zamani ishike mpya.

"Jaribu sasa, Harriet."

Akaandika UGANDA juu ya KENYA. Ikakubali! Kizuizi cha getini kikainuka, na Nangila akapita akipiga honi, barafu ikidondoka barabarani. Nilipiga kigelegele ofisini bila aibu.

"Sasa bosi," Harriet akasema, "bado unarudisha zile za zamani?"

Benard akajikuna shingo. "Wacha ikae. Athieno, ya ghala la Malaba utachora lini?"

Mcheza kwao hutuzwa. Nilifungua mkoba, nikatoa muhuri wa risiti, nikauweka mezani mbele yake.

"Nitaanza leo," nikasema. "Huu utafutie mtu mwingine."